Moshi Uelekezwe Wapi

Juzi walinijia vijana wawili wa kikundi cha mazingira cha Ukunda, wamevaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni kwamba dunia ni moja. Waliniamkia vizuri, wakakaa, wakanywa chai yangu, kisha wakaniomba niwatungie maneno machache ya busara kuhusu tabianchi, yasomwe siku ya kupanda miti. Machache, wakasisitiza, kwa sababu mgeni rasmi ana haraka. Mimi nimekuwa fundi wa jenereta na viyoyozi katika hoteli za Diani tangu nikiwa na nywele hadi nikawa na upara, na maneno machache sina. Kwa hiyo nawaandikia haya myasome nyinyi wenyewe, na mgeni rasmi mwacheni na haraka yake.

Kazi yenyewe niieleze kwanza, maana siku hizi mnadhani umeme hutoka ukutani. Hoteli yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu mwenyewe yu hai na ana mawakili, ilikuwa na majenereta mawili, kubwa na dogo, katika banda la mawe nyuma ya dobi. Umeme ulipokatika, na ulikatika ulipotaka, nilitakiwa niurudishe kabla mgeni hajamaliza kutukana kwa Kijerumani. Aliyenifundisha ni Fundi Rajabu, mtu wa Mombasa, mfupi, mkali, aliyepita bandani siku za Ijumaa kuangalia oili akiwa na kanzu nyeupe, na sijapata kuiona kanzu ile ina doa. Rajabu alinifundisha kusoma moshi. Ukiwa mweusi, injini imebebeshwa mzigo kuliko hewa inayovuta. Safisha chujio, au zima kitu. Ukiwa wa buluu, inakula oili. Ukiwa mweupe na haukomi hata injini ikishapata moto, tafuta maji yanaingilia wapi. Siku moja nilimwambia injini iko sawa kwa kuwa sauti yake ni nzuri. Akanivuta sikio hadi nje, akaninyooshea kidole juu.

"Usiniambie injini inasema nini," akasema. "Niambie inatoa nini."

Kanuni hiyo nimeitumia kwa injini na kwa watu, na injini ndizo zilizonisumbua kidogo.

Moshi wetu nao ulikuwa na kisa chake. Mwisho wa bomba palikuwa na kiwiko cha chuma, chenye bolti, ambacho ungeweza kukizungusha. Alikuja meneja mmoja kijana, aliyesomea mambo ya hoteli ng'ambo, akapokea malalamiko kutoka vyumba vya mbele, vile vya maharusi, kwamba wanavuta dizeli badala ya hewa ya bahari. Akaniamuru nikigeuze kiwiko kielekee nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi. Wapishi na madobi wakaenda kulalamika kuwa watoto wao wanakohoa. Meneja akawajibu kwamba wao wameshazoea. Kaskazi ilipoanza kuvuma moshi ukarudi mbele vilevile, kwa kuwa upepo haupokei amri ya meneja, nami nikaitwa tena na spana zangu. Ikawa kila upepo ukibadilika nazungusha chuma. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kama tungeweza kuchoma dizeli pungufu. Swali lililojadiliwa ofisini lilikuwa moja tu: moshi uelekezwe kwa nani. Mkisikia mataifa yamekutana kujadili hewa, fikirieni kiwiko kile, mtaelewa mkutano wote bila ya mkalimani.

Wala msinihesabu pamoja na wale wanaosema joto la dunia ni porojo za Wazungu. Hao nawadharau pia. Baada ya mvua ninazotaka kuwasimulia, bahari ilipata joto hadi matumbawe yakageuka meupe. Wavuvi wa Wasini na Kibuyuni waliokuja kutuuzia pweza walitueleza wakiwa wamekunja nyuso kwamba wanaona kitu ambacho babu zao hawakuwahi kuwasimulia. Hali ya hewa inaharibika, na mimi niliyechoma dizeli mapipa kwa mapipa najua inaharibiwa na nini. Ninachokidharau ni ile adabu ya kumwambia asiyewahi kuwasha kitu kwamba yeye ndiye aanze kuzima.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Watalii walikuwa wameshatukimbia kwa sababu ya machafuko ya Likoni, na mvua ikamfukuza yule aliyebaki. Barabara zilikatika, nguzo za umeme zikalala matopeni, na hoteli ikabaki inaishi kwa semina. Tulikuwa na semina za kila namna. Kubwa kuliko zote ilihusu namna nchi maskini zitakavyoendelea kiuchumi bila ya kuiharibu hewa ya dunia. Walikuja wakubwa kutoka Nairobi na kutoka nje, na kwa kuwa umeme wa nguzo haukuwapo, hewa ya dunia ilijadiliwa wiki nzima kwa nguvu za majenereta yangu mawili, yote kwa pamoja.

Ukumbi ule ulikuwa na madirisha makubwa yanayotazama bahari. Yalikuwa yamepigiliwa misumari ili baridi isitoroke. Niliagizwa niuweke kwenye nyuzi kumi na nane, kwa sababu wanaume walivaa suti, na suti haziwezi kuvaliwa Diani bila ya msaada wa injini. Wanawake wao walijifunika mitandio wakitetemeka. Mhudumu mmoja aliniambia mama wa Kizungu ameomba chai ya moto aishike tu mikononi. Nikamfuata meneja nikamweleza kwamba tukipandisha hadi nyuzi ishirini na nne nitaweza kulizima jenereta dogo, na watu wataacha kutetemeka.

"Juma," akanijibu, "hawa wamelipia baridi."

Hebu sasa nimlete dada yangu. Mwanasiti ni mkubwa wangu, na wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama katika kijiji chetu cha Mwangoni, bara ya Msambweni. Mahindi ya kijiji kizima yalisagwa Msambweni mjini, na walioyabeba kichwani kwenda na kurudi walikuwa wasichana. Mvua zilipokikata kivuko cha mto, hata hiyo safari ikafa, watu wakarudi kwenye kinu na mchi. Dada bega lake moja lilikuwa halinyanyuki tangu alipoanguka kisimani. Kwa hiyo aliyetwanga ni bintiye, Mejumaa, aliyekuwa anaingia darasa la nane. Alitwanga tangu alfajiri, na shule ilipofunguliwa alifika saa nne, siku nyingine asifike kabisa. Mwalimu alishasema mtoto huyu akitulia darasani ataipata sekondari, na akiendelea hivi asijisumbue kufanya mtihani.

Dada alikuwa na tumaini moja. Kabla ya mvua, ulipita mradi fulani wa maendeleo, akina mama wakaulizwa wanataka nini, wakasema wanataka mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli. Injini ndogo tu, ya silinda moja, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Afisa wa mradi, Bwana Mutiso, mtu wa Ukambani, mchangamfu, alilikubali ombi, akalipeleka juu. Akina mama wakafyeka uwanja, wakajenga na kibanda. Kibanda kilikuwa kinangoja mashine.

Bwana Mutiso nilikutana naye kwenye semina hiyo, kwenye meza ya chai. Nilipomuuliza kuhusu mashine ya Mwangoni akajikuna shingo.

"Mzee, hiyo maneno imebadilika," akasema. "Hawa wafadhili siku hizi hawataki kusikia dizeli. Inachafua hewa. Lakini usijali, tumewaletea kitu poa zaidi. Majiko ya jua!"

Ilikuwa imepangwa wajumbe wa semina waende kijijini kuyaona majiko hayo yakifanya kazi, na kijiji kilichochaguliwa ni Mwangoni. Wakanitaka niende nao kwa kuwa naijua njia, na kwa kuwa majiko yalihitaji kufungwa na mtu anayejua bisibisi. Tulitoka na magari manne makubwa, tukazunguka na njia ya juu kukwepa kivuko, madereva wameacha injini zikiguruma kila tuliposimama ili wageni wasikose baridi ndani.

Majiko yenyewe yalikuwa masanduku ya mbao yenye kioo juu, na kifuniko kilichobandikwa karatasi ya kung'aa. Sitayasingizia. Kwenye jua kali, ukiwa na subira na wali, wali utaiva. Lakini tulifika saa sita mchana mbingu imefunga kila upande, na tulifika katika mwezi wa Ramadhani. Kijiji kizima kimefunga. Wapishi wa jua walikuwa wanawake ambao hata mate wanayahesabu, na chakula chenyewe kingekuwa tayari, jua likikubali, saa tisa alasiri, wakati hakuna mdomo wa kukipokea. Kisha wageni wakaagiza ipikwe sima, kwa sababu mtu fulani alisoma kwamba sima ndicho chakula chetu. Sima husongwa, nyinyi mnajua, na mwiko hausongi kupitia kioo. Kila kifuniko kilipofunuliwa ili wasonge, joto lote dogo lililokusanywa likapaa. Na unga waliousonga nauandika hapa msije mkausahau: ulikuwa umetwangwa alfajiri ile na Mejumaa, ambaye siku hiyo tena hakwenda shule.

Wageni walisubiri. Mwishowe ikabidi apatikane wa kuonja. Mwanasiti hakuweza, hakuna aliyeweza. Akaitwa mwenye duka, Mkikuyu mmoja Mkristo aliyehamia na kupewa shamba huko, tukimwita Baba Njeri. Akaja akifuta mikono, akachota kwa kidole, akaweka mdomoni. Nilimwona anavyopambana.

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu kabisa." Kisha akaenda nyuma ya duka lake na hatukumwona tena.

Picha zikapigwa. Mkuu wa msafara, bwana mrefu mwenye kofia ya majani, akamgeukia dada yangu, na Mutiso akatafsiri swali lake: je, akina mama wameridhika na majiko haya?

Nyinyi wa Ukunda mliozoea kujibizana na watu kwenye simu huenda hamjui tena adabu ya huko bara. Mgeni aliyekuletea zawadi haambiwi siku hiyohiyo, uani kwako, tena katika mwezi mtukufu, kwamba zawadi yake haifai. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamsindikiza hadi njiani. Kesho yake unamtuma mtu wa heshima akaseme lililo moyoni, kwa taratibu, pasipo na mashahidi. Ndivyo posa zinavyokataliwa, ndivyo mipaka ya mashamba inavyosuluhishwa. Kila mtu aliyesimama pale uani alijua kwamba jibu la dada si jibu, ni salamu. Wote walijua isipokuwa wale waliokuja kulichukua.

"Alhamdulillahi," akasema Mwanasiti. "Tumeridhika, tumeshukuru sana. Mungu awalipe."

Wageni walipoanza kupanda magari aliniita kando. Macho yake yalikuwa makavu, sauti yake ya chini.

"Juma, mdogo wangu, kesho wewe ndiye mtu wetu. Waambie majiko tumeyapokea kwa heshima, lakini tunaomba mashine. Waambie mtoto wangu hasomi. Waambie hata ikiwa ni injini kuukuu, sisi hatuna haya."

Nilikwenda. Kesho yake asubuhi nilivaa shati la mikono mirefu, nikamngoja Bwana Mutiso nje ya ukumbi, nikasema yote kama nilivyotumwa, neno kwa neno. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, na nasema kweli, aliona haya. Yeye alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na bosi.

"Mzee, mbona hakusema jana?" akaniuliza. "Si aliulizwa mbele ya watu wote? Imeshasomwa ndani asubuhi hii, kwamba akina mama wa Mwangoni wamechagua jua badala ya dizeli. Watu walipiga makofi, wamesimama! Sasa nikarudi niseme nini?"

"Sema alikuwa anakushukuru."

"Hiyo hawataelewa."

Ndani nilisikia makofi mengine, sijui wamechagua nini tena kwa niaba ya nani. Nilikwenda bandani nikaongeza dizeli, kwa kuwa pipa la asubuhi lilikuwa limekwisha, na injini yangu ndogo ile, ambayo ingesaga unga wa Mwangoni na vijiji vitatu vya jirani, ilikuwa inafanya kazi ya kumtia mtu baridi hadi aombe chai. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Niliwakasirikia wao, na nilimkasirikia dada yangu kwa adabu yake nzuri, na huyo wa pili ndiye niliyemwonea.

Msidhani sikujaribu njia nyingine. Nilimwomba meneja atuuzie jenereta dogo, ambalo alishasema mara nyingi kuwa ni chuma chakavu. Akanicheka, akasema semina zimeipenda hoteli, zinarudi, na kila ukumbi utahitaji baridi ya akiba. Nilimwendea diwani, naye akaniahidi umeme wa nguzo kabla ya uchaguzi, hakutaja uchaguzi upi. Mbunge aliniambia nimwone diwani. Hawa wetu nao wasijifiche nyuma ya Wazungu. Kama kusaga kungefanywa kwa ahadi, Mwangoni ingekula unga laini kuliko Nairobi.

Majiko ya jua yaliishi. Moja lilitagiwa mayai na kuku, kioo cha jingine kikawa dirisha la Baba Njeri, na mengine akina mama walianikia viazi na dagaa, kazi yaliyoifanya ipasavyo. Mashine ilikuja baadaye sana, na mfanyabiashara, kwa umeme wa nguzo, na hakuna aliyeitisha semina kwa ajili yake. Mnapowaendea akina mama na miche yenu, vijana, wapelekeeni miche, ni jambo jema, ardhi yetu imevuliwa nguo na kivuli kinahitajika. Lakini wakiwaambia wameshukuru, rudini kesho yake. Kaeni. Ulizeni tena mkiwa hamna kamera.

Mejumaa hakufanya mtihani. Alitwanga mwaka ule wote, na mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimesahaulika na vumbi limerudi, dada akaniambia nimtafutie kazi hotelini, kwani amekuwa mwanamke na shule haimngoji tena. Nilimwombea kwa mkuu wa ukumbi. Wakampa sare nyeupe na kazi ya kumimina maji kwenye meza za mikutano. Alikuwa mwepesi, hamwagi hata tone, na wageni walimpenda.

Semina ile ikarudi, kama meneja alivyosema, wajumbe walewale na wengine wapya. Siku ya pili nilikuwa juu ya ngazi karibu na mlango, narekebisha kiyoyozi, nikamwona yule bwana mrefu amesimama jukwaani. Kofia alikuwa ameivua. Alisema kwamba wamejifunza mengi, na jambo kubwa walilolijua ni hili: hakuna dawa ya umaskini wala ya hali ya hewa inayopita kumwacha mtoto wa kike asome. Mpeni binti shule, akasema, na vyote vingine vitafuata. Ilikuwa kweli tupu, na aliisema vizuri, na ukumbi wote ukasimama kupiga makofi. Mejumaa alikuwa kando yake anamjazia bilauri. Alisubiri makofi yaishe, akatoka na mtungi mtupu, akasimama chini ya ngazi yangu.

"Mjomba," akaniita kwa sauti ya chini, "yale anayosema yule bwana ni kweli?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi na sikupata pa kuitia.

"Ni kweli, mwanangu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei sahihi ya kitu asichoweza kukinunua. Akaenda jikoni, akaujaza mtungi, akarudi ndani kuwamiminia.